Leza ya hadubini haikati tishu: kabla ya kuilaumu mashine, itazame slaidi

Swali: "Maabara yetu hapa Dar es Salaam imepewa mashine iliyokwisha kutumika ya kukata tishu kwa leza, ile inayofungwa kwenye hadubini. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili na utafiti wangu unahusu saratani ya umio. Nataka kutenga seli za saratani peke yake kutoka kwenye tishu zilizohifadhiwa ndani ya nta ya parafini, kisha nitoe RNA. Tangu masika yaanze mambo hayaendi. Leza inapita kwenye mstari niliouchora lakini kipande hakidondoki. Tumepandisha nguvu hadi mwisho, sasa kingo zinaungua na kuwa nyeusi, na bado vipande vingine vinabaki vinaning'inia. Vichache tulivyovipata havikutoa RNA ya maana. Fundi mmoja ametuambia leza imechoka, tununue nyingine, na bei yake hatuiwezi. Je, ni kweli imechoka? Je, ni leza inayoharibu RNA? Na mwenzangu ni mjamzito, anaiogopa mionzi. Akae mbali na chumba hicho?"

Jibu: Ndugu mwanafunzi, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu lina maswali matatu ndani yake na kila moja lina jibu tofauti. Nitatanguliza majibu mafupi ili upate nafuu, kisha nieleze sababu. Kwa dalili ulizozitaja, leza iliyochoka ni dhana ya mwisho ya kuifikiria, wala si ya kwanza. Leza inayounguza kingo mpaka ziwe nyeusi bado ina nguvu, ila nguvu hiyo haifiki mahali pake. RNA yako, yaani molekuli zinazobeba ujumbe wa jeni ndani ya seli, kwa uwezekano mkubwa iliharibika kabla slaidi haijawekwa kwenye mashine. Na mwenzako ana haki ya kujihadhari, lakini kitu cha kumtia wasiwasi kiko kwenye meza ya kutayarishia slaidi, hakiko kwenye hadubini.

Kwanza tuelewane ni mashine ya aina gani tunayoizungumzia, maana maelekezo ya aina moja huweza kukupoteza kabisa ukiyatumia kwa nyingine. Njia ya kwanza kupata umaarufu ilielezwa mwaka 1996 na Michael Emmert-Buck na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Wao hawakukata kitu: walishusha utando wa plastiki juu ya tishu, wakauyeyusha kidogo kwa leza ya infraredi mahali palipo na seli wanazozitaka, seli zikanasa kwenye plastiki, wakazinyanyua. Njia ya pili hukata kwa leza ya urujuanimno kisha hukirusha kipande juu kwa pigo moja la mwanga hadi kwenye kifuniko cha tyubu. Karin Schütze na Georgia Lahr wa Ujerumani waliieleza mwaka 1998. Njia ya tatu nayo hukata kwa urujuanimno, lakini slaidi hulazwa kichwa chini, tishu ikielekea sakafuni, na kipande kikishakatika huanguka chenyewe kwa uzito wake hadi kwenye kifuniko kilichosubiri chini. Umesema kipande "hakidondoki", kwa hiyo nachukulia kwamba yenu ni ya aina hii ya tatu. Kama sivyo, yale nitakayoyasema kuhusu fokasi na unyevu yanabaki vilevile, ila ya kuanguka uyaache.

Watu wengi huidhania leza hii kuwa ni pasi ya moto yenye ncha nyembamba: ukiona haikati, ongeza moto. Haifanyi kazi hivyo. Leza ya urujuanimno ya mashine hizi huwa na urefu wa wimbi wa nanomita 337 kwa zile kongwe za gesi ya nitrojeni, au karibu nanomita 355 kwa nyingi zilizofuata. Mwanga hautoki mfululizo. Hutoka kwa mapigo mafupi mno, kila pigo likidumu kwa nanosekunde chache. Katika muda huo mfupi nishati hurundikana mahali padogo kiasi kwamba kitu kilichopo pale husambaratika na kutawanyika kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa kwa majirani. Jambo hili lina kizingiti. Nishati inayoangukia kila eneo ikivuka kizingiti, kitu hukatika kwa usafi. Isipofika, hata ukipiga mara mia, hakikatiki, bali hupashwa joto tu. Joto hilo linalolimbikizwa bila kukata ndilo linalokuletea kingo nyeusi.

Sasa angalia hesabu, kwa kuwa humo ndimo lilimo jibu lako. Kinachovuka kizingiti si nguvu peke yake, ni nguvu kwa eneo. Doa la leza likiwa na kipenyo mara 2 ya kile linachopaswa kuwa nacho, eneo lake huwa mara 4, na kila sehemu ya tishu hupata robo tu ya nishati iliyokusudiwa. Kipenyo cha chini kabisa cha doa hutegemea lenzi: zidisha urefu wa wimbi kwa 1.22, kisha gawanya kwa ile namba ya uwazi iliyoandikwa ubavuni mwa lenzi baada ya ukuzaji wake. Lenzi ya mara 10 yenye uwazi wa 0.25 haiwezi kukupa doa dogo kuliko takriban mikromita 1.7. Lenzi ya mara 40 yenye uwazi wa 0.6 inaweza kushuka hadi kama mikromita 0.7, na hapo nishati ileile imekolea karibu mara 6. Hata hivyo usikimbilie lenzi kubwa. Kina cha fokasi cha lenzi hiyo ya mara 40 ni kama mikromita 1 tu, ilhali ile ya mara 10 inakupa kati ya 5 na 6. Tishu yako ikiwa na unene wa mikromita 10, lenzi kubwa itakata kitabaka kimoja na kuacha vingine, mpaka urudie mstari uleule huku ukisogeza fokasi kidogo kila mara. Kwa tishu ya nta iliyokatwa kwa unene wa mikromita 7 hadi 10, mimi huanza na lenzi ya mara 20 na sioni sababu ya kuanzia kwingine.

Fundi wenu, kama wengi, pengine aliitazama picha kwenye skrini, akaiona safi, akahitimisha kwamba fokasi iko sawa na kilichobaki ni udhaifu wa leza. Lakini fokasi ya macho si fokasi ya leza. Lenzi hupinda mwanga wa urujuanimno kwa kiasi tofauti na ule tunaouona, kwa hiyo picha inaweza kuwa kali kabisa huku doa la leza likikusanyika mikromita kadhaa juu au chini ya tishu. Ndiyo maana programu ya mashine ina mpangilio wa kusogeza fokasi ya leza peke yake, mbali na fokasi ya picha, na mpangilio huo hutofautiana kwa kila lenzi. Mashine iliyosafirishwa kutoka bara jingine, ikashushwa bandarini, ikapakiwa kwenye lori na kufungwa upya, haiwezi kudhaniwa kuwa imefika na mipangilio ileile iliyoondoka nayo.

Kwa hiyo, kabla ya kutumia hata slaidi moja ya thamani, fanya jaribio hili ambalo halina gharama. Chukua slaidi ya kawaida ya kioo, ipake mstari mpana kwa kalamu ya maka nyeusi, iache ikauke, kisha iweke mahali pake, upande wenye wino ukielekea kule tishu inakokuwa. Shusha nguvu hadi karibu robo. Weka picha katika fokasi, kisha piga pigo moja moja huku ukibadilisha fokasi ya leza hatua kwa hatua, kutoka chini kwenda juu, ukiandika namba ya kila hatua. Utaona vitundu vyeupe kwenye wino: vikubwa vyenye ukungu mwanzoni, vikipungua hadi kimoja kidogo chenye ukingo mkali, kisha vikianza tena kupanuka. Namba ya kile kidogo kuliko vyote ndiyo unayoitafuta. Iandike kwenye kikaratasi na ukibandike kando ya skrini, pamoja na jina la lenzi. Chunguza pia umbo. Kitundu cha mviringo kinakuambia kwamba njia ya mwanga imenyooka. Kitundu chenye mkia upande mmoja, au kilichorefuka kama yai hata pale fokasi ilipo bora, ni dalili ya kioo cha ndani kilichosogea, na hilo si la kulirekebisha wewe wala fundi asiyefunzwa leza.

Baada ya wino, nenda kwenye slaidi yenye utando, yaani plastiki nyembamba ambayo tishu hulazwa juu yake na kukatwa pamoja nayo, lakini isiyo na tishu. Utando wa polietilini naftaleti, wenye unene wa mikromita 1 hadi 2, ndio wa kawaida kwa kazi hii kwa sababu hufyonza urujuanimno vizuri. Chora duara dogo, ukate kwa nguvu ndogo, uongeze kidogo kidogo mpaka duara lianguke. Nguvu hiyo ndiyo sakafu yako. Ya tishu itakuwa juu yake kiasi, wala haitakuwa mwisho wa kipimo. Kama utando mtupu haukatiki hata kwa nguvu yote na kwa fokasi uliyokwisha kuithibitisha kwenye wino, hapo ndipo maneno ya fundi wenu yanapoanza kuwa na uzito.

Mstari wa leza ukipita pembeni ya mstari uliouchora, kosa ni la kulinganisha leza na skrini, na programu ina hatua zake za kulirekebisha kwa kila lenzi. Leza ikikata upande mmoja wa slaidi na kugoma upande mwingine, tatizo ni slaidi kutokulala sawasawa kwenye kishikio, au utando uliojikunja. Hayo mawili ni mepesi. Zito ni maji, na hapo nitakaa kidogo.

Umetaja masika kana kwamba ni tarehe tu ya kuanza kwa tatizo, lakini mimi naamini ndiyo sababu yake. Tishu ya kukatwa kwa leza ya namna hii haifunikwi na kioo cha kufunikia wala gundi. Hukatwa ikiwa wazi na kavu kabisa. Tishu yenye maji haikatiki vizuri, na kipande kikishakatika hushikwa na unyevu ukingoni kikagandana na jirani yake. Ndiyo maana unaona mstari umepita, lakini kipande kinaning'inia. Katika hewa ya pwani wakati wa mvua, slaidi iliyokauka vizuri saa 3 asubuhi inaweza kuwa imenyonya unyevu wa kutosha kuisumbua leza kabla ya adhuhuri, hasa kama kiyoyozi huzimwa usiku na chumba kikaamka na jasho. Nunueni kipimo cha unyevu wa hewa, ni kifaa cha bei ndogo, mkiweke kando ya mashine. Ningependa kisome chini ya asilimia 50 kabla hujaanza kukata. Ukishuka mno, umeme tuli nao utavishika vipande visianguke, lakini kwa Dar es Salaam sidhani kama hilo litakusumbua.

Tazama pia chupa ya alkoholi. Ethanoli ya asilimia 100 hunyonya maji kutoka hewani kila inapofunguliwa, na chupa inayokaa nusu wazi mezani kwa wiki moja ya masika haistahili tena lebo yake. Ukimalizia slaidi katika ethanoli ya namna hiyo, unairudishia maji uliyokuwa unayatoa. Tengeni chupa ndogo kwa ajili ya hatua ya mwisho tu, ibadilishwe kila siku ya kazi, na slaidi zikishakauka zikae kwenye kasha lenye chembe za silika hadi dakika ya kuwekwa kwenye mashine. Chembe hizo hubadilika rangi zikishiba maji, za buluu huwa waridi na za chungwa huwa kijani. Nimeona maabara zaidi ya moja zikijivunia kasha lenye chembe za waridi zilizokaa humo tangu mwaka uliopita. Zinahitaji kurudishwa kwenye tanuri zikauke, zitumike tena.

Slaidi za utando zina tabia yake ambayo slaidi za kioo hazina. Maji yanaweza kuingia kati ya utando na kioo, na ukiyaona kama mapovu bapa yanayong'aa, usijaribu kukata mpaka yamekauka yote. Utando mpya huikataa tishu yenye maji. Ukiziweka slaidi chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254 kwa dakika 30 kabla ya kuzitumia, utando huwa rafiki zaidi kwa maji na tishu hushika vizuri. Kisha, baada ya kuiopoa tishu kutoka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, simamisha slaidi ichuruzike, uikaushe kwenye tanuri. Usiipanguse utando kwa kitambaa hata kidogo.

Lipo jambo jingine ambalo hukulitaja, nami nauliza kwa sababu nalikuta mara kwa mara pale dawa zinapokuwa haba: mnaiondoa nta vizuri? Nta iliyobaki ndani ya tishu huyeyuka mbele ya leza, hupokea joto, kisha huganda tena nyuma yake na kukiziba kile ulichokwisha kukikata. Zailini, kile kiyeyusho cha kuondolea nta, ikishaosha slaidi nyingi huwa imejaa nta na haiwezi kuondoa zaidi. Tumia vyombo viwili, cha kwanza kikichafuka kitupwe, cha pili kishike nafasi yake, na kipya kiwekwe mwisho. Baada ya zailini, shusha ethanoli kutoka 100 hadi 95 hadi 70, paka rangi kwa muda mfupi, panda tena kwa mpangilio huohuo uliogeuzwa, uache ikauke. Kwa rangi, hematoksilini nyepesi au kresili violeti zinatosha; huhitaji picha ya kumfurahisha daktari wa patholojia, unahitaji tu kutofautisha seli za saratani na tishu zinazozizunguka. Picha ya tishu isiyofunikwa huonekana nzito na yenye giza hata kila kitu kikiwa sawa. Wengi hudhani wamekosea rangi, wakaiongeza, wakaharibu zaidi. Njia nzuri ni kutayarisha slaidi ya jirani, iliyokatwa mara tu kabla au baada ya hiyo, ikafunikwa kwa kioo kama kawaida, na daktari akaizungushia mipaka. Wewe ukaitumia kama ramani.

Tuje kwenye RNA. Hofu kwamba leza inaiunguza inaeleweka, lakini kemia haiiungi mkono. Asidi za kiini, yaani RNA na DNA, hufyonza zaidi mwanga wa karibu nanomita 260; kwenye 337 au 355 hazifyonzi kitu cha kutajika. Uharibifu hutokea kwenye njia ya leza yenyewe, ukanda wa mikromita chache, na ukanda huo huukusanyi, unautupa. Hapa ndipo nguvu ya kupita kiasi inapokugharimu: kwenye kipande kidogo, kingo nyeusi zinaweza kuwa sehemu kubwa ya kipande chenyewe. Lakini mhalifu mkuu ni formalini, ile dawa ya kuhifadhia tishu kabla ya kutiwa kwenye nta. Tishu iliyokaa kwenye formalini kwa siku nyingi, au iliyochelewa kutumbukizwa humo baada ya kutolewa mwilini, huwa na RNA iliyokatikakatika na kufungamana na protini, na hakuna ustadi wa leza utakaoiunganisha tena. Kabla ya kukata, chukua tishu nzima ya block hiyohiyo (lile bonge la nta lenye tishu), kiasi kikubwa, utoe RNA bila kutumia leza, uipime. Ikitoka mbovu, badilisha block au badilisha swali la utafiti. DNA huvumilia nta na formalini vizuri zaidi, na maswali mengi kuhusu saratani ya umio yanaweza kuulizwa kwa DNA. Hilo lizungumze na msimamizi wako mapema.

Huenda pia umekusanya kidogo mno. Seli ya binadamu ina DNA ya pikogramu 6.6 hivi, na RNA yote kwa jumla ni kama pikogramu 10 hadi 30, kutegemea aina ya seli. Kwenye kipande chembamba seli nyingi zimekatwa katikati, kwa hiyo huna seli nzima. Eneo la milimita mraba 1 la saratani lenye unene wa mikromita 10 lina ujazo unaotosha seli 5,000 hadi 10,000 kwa makadirio, yaani nanogramu 50 hadi 300 hivi za RNA kwenye karatasi, na sehemu tu ya hizo mkononi baada ya hasara zote za utoaji kutoka kwenye nta. Ukikusanya vipande 20 vya ukubwa wa nukta na kutegemea majibu, usiilaumu mashine. Jumlisha maeneo, programu yenyewe hukuandikia eneo la kila kipande.

Kuhusu mwenzako. Mwanga wa nanomita 355 si mionzi ya aina ya eksirei. Hauingii mwilini hata ufike kwenye tumbo la uzazi. Huishia kwenye ngozi. Kiungo kilicho hatarini ni jicho, kwa kuwa lenzi ya jicho huufyonza mwanga huu na kuupokea kwa wingi huchangia kupata mtoto wa jicho, na kwa kuwa hauonekani, hakuna kufumba macho kwa silika. Mashine kamili, ikiwa na vifuniko vyake vyote na swichi za usalama zinazokata leza kifuniko kikiinuliwa, kwa kawaida husajiliwa katika daraja la 1, yaani salama kwa mtumiaji, ingawa leza iliyofichwa ndani ni ya daraja la juu lenye hatari. Lebo ya daraja iko nyuma au ubavuni, itafute uisome. Usalama huo unakwisha siku mtu anapofunga swichi kwa mkanda ili afanye kazi kifuniko kikiwa wazi, na kwa mashine iliyokwisha kutumika hilo ni jambo la kulikagua siku ya kwanza. Miwani ya kujikinga lazima iandikwe urefu wa wimbi inaouzuia. Miwani ya jua haifai kitu hapa. Kama leza yenu ni ya infraredi, uangalifu uzidi, maana mwanga wake hupita lenzi ya jicho na kufika kwenye retina.

Mjamzito akae kwenye hadubini akate atakavyo. Asishughulike na zailini. Mvuke wake huvutwa kwa pumzi na kuingia kwenye damu, na huvuka kondo la nyuma; kazi ya kuondoa nta ifanywe na mwingine, chini ya kabati la kuvuta hewa linalofanya kazi kweli, na mlango wa chumba cha hadubini ufungwe wakati huo. Ile taa ya nanomita 254 iwe ndani ya kasha lililofungwa, kwa kila mtu, mjamzito na asiye mjamzito.

Kuhusu mahali pa kuiweka mashine nitasema machache. Iwe mbali na sentrifuji na friji kubwa, juu ya meza nzito isiyotikisika; mapigo ya leza yakicheza huku na huku kwenye mstari ulionyooka, tafuta kinachotetemesha. Upepo wa kiyoyozi usiielekee jukwaa la slaidi, maana hupeperusha vipande. Umeme upite kwenye stebilaiza na UPS, kwa sababu kukatika ghafla katikati ya kazi hukupotezea mpangilio na huweza kuumiza kifaa kinachoendesha leza. Na lenzi zisiachwe kwenye chumba chenye unyevu mwezi mzima bila kutumika. Ukungu huota juu ya kioo chake, hula rangi ya kinga, na lenzi ipitishayo urujuanimno haipatikani kwa urahisi.

Ni haki nikuambie pia kwamba huenda huhitaji leza kwa kila sampuli. Saratani ya umio ya hapa Afrika Mashariki kwa kiasi kikubwa ni ile ya seli bapa, na mara nyingi hujitokeza kama visiwa vikubwa vya seli vinavyoonekana hata kwa lenzi ndogo. Kisiwa cha milimita kadhaa unaweza kukichonga kwa wembe safi wa upasuaji kutoka kwenye slaidi ya kawaida, ukifuata alama za daktari wa patholojia, kwa dakika chache na bila utando wala leza. Seli chache za jirani zitaingia, na kwa kipimo cha mabadiliko ya DNA hilo mara nyingi linavumilika. Leza ibakie kwa visiwa vidogo, kwa seli zilizojipenyeza katikati ya tishu za kawaida, na pale swali lenyewe linapodai usafi. Mimi ningegawa sampuli zako makundi mawili kwa msingi huo, na ningeanza na za wembe wakati masika yanaendelea.

Mwite mhandisi wa leza, si fundi wa hadubini kwa jumla, ikiwa vitundu kwenye wino vina mkia au vimerefuka, ikiwa utando mtupu haukatiki kwa nguvu yote, ikiwa nguvu hupanda na kushuka kati ya asubuhi na mchana bila wewe kugusa kitu, au ikiwa swichi yoyote ya usalama imefungwa, imevunjika au haipo. Usikubali afungue kasha la leza bila miwani yenye namba sahihi, wala asikuambie ukae chumbani wakati limefunguliwa. Mwombe apime nishati ya pigo kwa kipimo cha nguvu ya leza, mara moja inapotoka kwenye leza na mara moja inapotoka kwenye lenzi. Ikiwa ya kwanza iko karibu na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine na ya pili ni ndogo mno, tatizo ni vioo au uchafu njiani, na gharama yake haifanani na ya leza mpya. Kama ni leza ya nitrojeni, aangalie pia idadi ya mapigo iliyokwisha kupigwa, kwa kuwa maisha ya leza hizo huhesabiwa kwa mapigo. Mpe ile karatasi yako ya namba za fokasi na picha za vitundu kwenye wino, na mwambie akuandikie vipimo vyake vyote viwili kabla hajakutajia bei.